Sahani Isiyovuta Pumzi

Kabla Msomaji wa kanisa letu hajatamka neno, ulimsikia akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kama mkeka unaoburutwa kwenye sakafu ya udongo, na ilifika mpaka benchi la nyuma kabisa tulikokaa sisi wenye watoto wachanga. Ndipo neno likafuata. Akisoma maneno machache, mkeka unaburutwa tena. Wageni waliosali kwetu waligeuka wakatazamana. Sisi tulikuwa tumezoea, kiasi kwamba nilipokwenda kusali kwa ndugu zangu Tunduma, na msomaji wao akashuka na somo zima bila kusikika akivuta hewa, nilikaa roho juu kwa niaba yake mpaka alipoketi.

Nasema Msomaji kwa sababu hakuna aliyemwita vingine. Hata mkewe alimwita hivyo. Mbuzi wake wakiingia shamba la mtu, mwenye shamba alisimama kilimani akaita, "Msomaji, mbuzi hao!" Jina alikuwa nalo, na ukoo pia, na wapo Wandali wengi wa Ikinga, kijiji chetu, watakaokueleza hayo vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa jirani tu, tena wa kuja. Niliolewa huko milimani kutoka upande wa Tunduma, Mnamwanga peke yangu kati ya Wandali, na Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni: chumvi, kaniki, punguza kidogo.

Mara ya kwanza aliponikuta kijitoni alisimama, akaweka jembe chini, akavuta ile pumzi yake, akasema, "Mwapoleni mukwai." Hicho ni Kibemba, si Kinamwanga, lakini kwetu Tunduma watu wa ng'ambo walisalimia hivyo kila siku ya soko, na nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kusikia neno lolote la utotoni mwangu. Nilijibu, "Eya mukwai," machozi yakanilenga. Yeye Kibemba alikipata kwenye migodi ya shaba, upande wa pili wa mpaka, alikofanya kazi chini ya ardhi ujana wake wote. Kutoka huko alirudi na sanduku la bati, Kibemba hicho, na kifua kile. Nilipomuuliza kuhusu kifua alisema tu kwamba vumbi la kule ni jembamba, likiingia halitoki. Tangu siku ile ya kijitoni nilimhesabu kuwa ndugu.

Milima yetu haina njia ya tambarare. Ukitoka mlangoni kwako unapanda au unashuka, na kwa mtu wa kifua kile kila mwinuko ulikuwa kazi. Hata hivyo hakuna aliyemwona Msomaji amesimama njiani kupumzika. Alisimama kuuliza habari. Akifika pale mlima unapokaza, akakuta mtu, aliegemea fimbo yake na kuuliza habari za ng'ombe. Wala hakuuliza juu juu. Yule ndama mwenye doa amepona? Ameanza kula majani? Mlimpa dawa gani? Nawe ukaanza kueleza, na kwetu mtu akianza kueleza ng'ombe wake hamalizi upesi, naye akasikiliza huku kifua kikipanda na kushuka ndani ya koti. Ukimaliza, pumzi yake imerudi. Anasema, "Vema, vema," na kuendelea na safari. Alisifika kijiji kizima kwa kujali mifugo ya watu. Mimi nilikaa zaidi ya mwaka ndipo nikatambua kwamba aliuliza habari za ng'ombe kwenye miinuko peke yake. Kwenye uwanja wa kanisa, palipo sawa, alikupita kwa kutikisa kichwa.

Nilimtania siku moja uani kwake. "Baba, hivi ng'ombe wetu wanaumwa mlimani tu?"

Akaangua kicheko. Kicheko chake kilianza vizuri, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka mkewe akatoka jikoni na kata ya maji. Mkewe alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kauli fupi. Aliniangalia kama nimempiga mtu.

"Usimchekeshe, mdogo wangu. Leo Jumamosi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ile ilikuwa na sheria. Jumamosi vichekesho vilikatazwa. Msomaji alikuwa akijiwekea pumzi ya kesho. Hakupasua kuni, hakubishana, hakwenda kwenye pombe ya mtu. Alishuka polepole kwenye mibuni yake nyuma ya nyumba, akatembea kati ya mistari akisoma somo la Jumapili kwa midomo tu, akitafuta mahali pa kusimama. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya kucheka. Alikuja kwetu asubuhi, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akasema, "Haya, niambieni," nasi tukamtolea vituko vyote tulivyomfungia tangu wiki iliyopita.

Kwa mbegu, kwa ndizi, kwa shoka la kuazima, alikuwa mtu mkarimu sana. Kwa maneno alikuwa mkono wa birika. Siku za kazi alijibu kwa kidevu na nyusi. Ugomvi na mkewe aliumaliza kwa kunyamaza, na mkewe, ambaye kifua chake kilikuwa kizima, alishinda kila mara. Tena alikuwa mtu wa kanisa asiyependa nyimbo. Tukisimama kuimba yeye aliketi, macho dirishani, akionekana kuona uchungu jinsi hewa nyingi hivyo inavyomwagwa. Mkewe alinong'ona kwangu kwamba huko mibunini, akidhani yuko peke yake, alikuwa akiimba kwa kuguna puani. Alipoulizwa, alikana.

Tena asifikiriwe kuwa malaika. Meza ya kusomea ilikuwa yake na hakutaka mtu mwingine aiguse. Kulikuwa na mwalimu kijana wa shule ya misheni, mwenye mapafu ya farasi, aliyeomba kwa heshima asaidie somo moja moja. Msomaji alimjibu, "Bado." Mwaka uliofuata kijana akaomba tena, akaambiwa bado. Kijana akahamishiwa Tukuyu bila kusoma hata mstari. Hilo lilikuja kutugharimu, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuja kulijutia.

Sasa nieleze jinsi pumzi zake zilivyoingia ndani yetu. Siku zile wengi wetu katika darasa la ubatizo hatukujua kusoma, na Kiswahili cha Maandiko kilitupita juu ya vichwa. Tulijifunza kwa sikio. Tulimsikiliza Msomaji Jumapili baada ya Jumapili, tukishika somo kama lilivyotoka kinywani mwake, na hatukujua kwamba pumzi si sehemu ya somo. Tulidhani limeandikwa hivyo. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa somo la dhoruba, lile la watu waliokuwa ziwani upepo ukawashika. Alilisoma kila sikukuu ya mavuno. Pumzi yake ikitanda kanisani wakati upepo unavuma kwenye somo, akina mama walivuta watoto wao karibu.

Katika somo hilo palikuwa na mahali pamoja ambapo alisimama bila sababu. Alisema "ndani ya," akavuta pumzi, kisha akasema "chombo." Kila mwaka palepale.

Siku ya mtihani wa ubatizo mchungaji kutoka misheni kuu alinisimamisha niseme somo hilo kwa moyo. Nikasema vizuri mpaka nikafika "ndani ya." Nikavuta pumzi, nikaiburuta kama inavyostahili, nikasema "chombo."

"Ngoja," mchungaji alisema. "Mbona umesimama? Ndani ya nini?"

"Ndani ya," nikavuta, "chombo."

"Sema bila kusimama."

Nikajaribu, ikagoma. Nikaona naharibu Neno. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha soko kwamba pale pana pumzi, na kama haamini amuulize Msomaji, yeye ndiye anayejua kilichoandikwa. Mchungaji akaita mwingine, na mwingine, darasa zima likasimama palepale. Mwishowe alitubatiza hivyohivyo, akitikisa kichwa. Msomaji alikuwa amekaa kando siku ile. Alikuwa akitazama kofia yake.

Alikuwa na tamaa moja. Watu wetu kadhaa walikuwa wameteremka kwenda kulima mpunga Kamsamba, kule bondeni kuelekea ziwa Rukwa, na walikuwa na kibanda cha kusalia kisicho na msomaji. Msomaji aliwahi kwenda mara moja. Kushuka alishuka, lakini joto la kule na mlima wa kurudi vilimlaza karibu msimu mzima. Baada ya hapo mkewe alificha viatu vyake. Lakini kila aliyetoka Kamsamba aliulizwa swali lile moja: "Wanasomewa na nani?"

Kwa hiyo alipokuja Mzungu wa mashine, Msomaji ndiye aliyefurahi kuliko wote. Huyo Mzungu alizunguka na gari lake kwenye makanisa ya milimani akinasa sauti za masomo ili zitengenezwe sahani za gramafoni, zipelekwe mahali pasipo na wasomaji. Kiswahili chake kilikuwa kizuri na adabu alikuwa nayo. Wazee wa kanisa walimwonyesha Msomaji, naye alipomsikia akisema maneno mawili tu alishika kidevu, akasema hajapata kusikia sauti ya namna hiyo. Aliipenda kwa dhati, na sina la kumlaumu.

Walinasa katika chumba cha shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Sisi majirani tuliruhusiwa kukaa kimya ukutani. Utepe wa rangi ya kahawia ulizunguka kutoka gurudumu moja kwenda jingine, na Msomaji akasoma somo la dhoruba kama anavyosoma siku zote. Baadaye Mzungu akarudisha utepe, nasi tukasikia sauti ikitoka kwenye kisanduku, na pumzi, na sauti, na pumzi. Tukashangilia. Mzungu hakushangilia.

"Mzee, hewa ni nyingi," alisema. "Upande mmoja wa sahani ni mfupi. Hewa inakula nafasi. Na kule watakaosikia watafikiri sahani imekwaruzwa."

"Nifanyeje?" Msomaji aliuliza.

"Wewe usifanye kitu. Nitaziondoa mimi."

Akatoa wembe. Alivuta utepe kidogo kidogo, akitega sikio, akakata kipande, akagandisha ncha mbili zilizobaki, akaendelea. Vipande vikaanguka sakafuni. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa shibiri hivi. Msomaji aliinama kwa shida, akaokota kimoja, akakinyoosha kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki ndicho pumzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Yangu?"

"Yako."

Aliokota vyote, akavitia kwenye mfuko wa koti. Nilidhani anafanya mzaha, lakini hakucheka, na haikuwa Jumamosi. Nyumbani aliviweka kwenye kopo la tumbaku. Wageni wakija aliwafungulia kopo na kuwaambia, "Pumzi zangu hizo." Baadaye mkewe alichoka kulisogeza kopo lile kila akifagia. Akaviunganisha vipande kwa mafundo, akavitandaza kwenye miti juu ya shamba la ulezi kufukuza ndege. Upepo ukipita vilivuma na kumetameta, na ndege kweli waliogopa. Msomaji alikaa kizingitini akivitazama. Alisema ni vema vimepata kazi.

Sahani zilikuja baada ya mvua mbili. Nyingine ikapelekwa Kamsamba pamoja na gramafoni, nyingine ikabaki kwetu na gramafoni yake, zawadi ya misheni. Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka nje. Mwenyekiti wa wazee, mtu wa haki, mpenda maendeleo, alitia ufunguo, akashusha sindano. Sauti ya Msomaji ikajaa kanisani, nzito, safi, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Sikatai, ilikuwa nzuri. Nilijivuna kuwa jirani yake.

Kisha somo likafika mahali petu. "Ndani ya," ilisema sahani, na kanisa zima, sisi sote tuliojifunza kwa sikio, tukavuta pumzi. Tulipomaliza kuvuta, sahani ilikuwa imekwisha kufika mbali. Chombo kilitupita, na watu wake, na nusu ya dhoruba. Tukabaki na hewa vifuani hatujui tuishushie wapi. Bibi mmoja mbele yangu alisema polepole, "Ametuacha."

Kutoka Kamsamba likaja jibu. Mwinjilisti aliyepeleka sahani alirudi akasema watu wamefurahi mno, wanaisikiliza kila Jumapili, ila wazee wa kule wanauliza jambo moja. Huyu anayesoma yu hai? Maana hapumui. Msomaji alicheka habari hiyo mpaka tukamshika mabega. Alipotulia aliuliza, "Mkawaambiaje?" Mwinjilisti akasema amewaambia yu hai. "Vema," alisema, lakini baada ya hapo hakuuliza tena juu ya Kamsamba.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Mwaka ule wa baridi kali Msomaji alishikwa na kikohozi katikati ya somo, akaegemea meza, somo likakatika. Mwenyekiti wa wazee, kwa nia njema kabisa, alinyanyuka, akafungua gramafoni, akaweka sahani. Watu wakashukuru. Jumapili iliyofuata Msomaji alikuja na koti lake lililopigwa pasi, akakuta gramafoni juu ya meza ya kusomea. Mwenyekiti akamshika mkono kwa heshima, akamketisha benchi la mbele. "Pumzika, baba. Umetufanyia kazi nyingi." Misheni ilikuwa imeleta sahani nyingine za sauti za watu wengine, zikawa za kubadilisha. Na kijana mwenye mapafu ya farasi alikuwa Tukuyu.

Tangu hapo Msomaji alikaa benchi la mbele akisikiliza. Yake ikipigwa, nilimwona kwa ubavuni midomo ikimcheza, akijaribu kwenda pamoja nayo, na kila mara akabaki nyuma.

Aliomba kitu kimoja tu. Alikwenda kwa wazee, na mume wangu alikuwa mmoja wao, ndiyo maana najua. Aliomba aachiwe sikukuu ya mavuno. Somo la dhoruba, siku moja kwa mwaka, basi. Wazee wakajadiliana. Hakuna aliyemchukia. Mmoja alisema atakatika tena mbele ya wageni, itakuwa aibu yake mwenyewe. Mwingine alisema sahani ipo, na ni yeye yuleyule. Wakamwambia apone kwanza, mwakani wataona.

Mume wangu aliporudi akanieleza, nikamuuliza, "Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema apumzike," alinijibu. "Kwani wewe hutaki apumzike?"

Sisi wa benchi la nyuma hatukuulizwa kitu. Lakini kama tungeulizwa, sijui tungesema nini. Tulikuwa tumeanza kuizoea sahani. Watoto wetu, waliojifunza kwa sahani, walisema somo la dhoruba moja kwa moja bila kusimama popote, nasi tukawasifu kwa kusema vizuri. Hilo najuta mpaka leo, jinsi tulivyozoea upesi.

Mwaka huo ulipofika, Msomaji hakuweza hata kutoka uani. Mavuno yakaja, sikukuu ikafanyika, sahani ikapigwa. Wiki iliyofuata wazee wakakumbuka kwamba hajaisikia, wakaona vizuri apelekewe. Mume wangu akaniomba mimi, kwa kuwa ni jirani na mikono yangu ni ya uangalifu. Nikajitwika gramafoni, nikapanda.

Nilimkuta amekaa kizingitini, mgongo umeegemea nguzo, blanketi mabegani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Shamba la ulezi lilikuwa limeshavunwa, na ule utepe ulikuwa umeachwa juu ya miti yake, umechakaa kwa jua na mvua, mweupe nusu. Alinyanyua vidole viwili.

"Mwapoleni mukwai."

"Eya mukwai. Nimekuletea mgeni."

"Namwona," alisema, akitazama kile kisanduku. "Haya. Mkaribishe."

Nikaweka gramafoni juu ya kinu chao kilichopinduliwa, nikatia ufunguo. Katikati ya kuzungusha mkewe akaniletea uji, nikapokea kwa mikono miwili, nikasahau kumaliza. Nikaweka sindano. Sauti ikatoka, ile kubwa, ya mtu wa makamo aliye mzima. Msomaji akafumba macho, akaanza kusoma nayo. Aliweza maneno machache ya kwanza. Alipovuta pumzi, yule wa kwenye sahani akampita. Akarukia neno la mbele, akavuta pumzi, akapitwa tena. Jasho likamtoka. Nikanyoosha mkono nizime.

"Mwache," alisema.

Ndipo ufunguo ukaanza kwisha. Sauti ikapungua mwendo, ikashuka, ikawa nzito, ikaburuta maneno. Mtu yule mzima akaanza kuzeeka palepale juu ya kinu. Nikashika mkono wa gramafoni ili nizungushe, Msomaji akaweka kiganja chake juu ya changu. Kilikuwa baridi.

"Usimtie ufunguo. Mwache achoke." Akavuta pumzi. "Sasa ndiye mimi."

Sauti ikazidi kuburuta, naye sasa akaweza kwenda nayo, neno kwa neno, wawili hao pamoja. Kisha sahani ikasimama kabisa. Msomaji hakusimama. Aliendelea pale ilipoishia, kwa sauti ndogo, akivuta pumzi, akisoma, akivuta pumzi. Upepo wa kwenye somo ukavuma kama zamani. Mkewe alikuwa ameketi chini na chungio mapajani, na nikaona amelaza mikono.

"Ndani ya," alisema Msomaji.

Tukavuta pumzi, mimi na mkewe, bila kuambiana. Naye akavuta. Lakini hakusema neno lililofuata. Alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, uso wake ukaanza kufunguka.

"Bado mnakosea," alisema.

"Tunakosea nini, Msomaji?" mkewe aliuliza.

"Hapa hapana pumzi. Haikuwapo." Akavuta pumzi. "Mwaka ule wa kwanza nilichelewa. Nilipanda mbio kutoka mtoni, nikaingia moja kwa moja kusoma. Ikanikatikia hapa. Mwaka wa pili nikataka kupita, nikasikia mnavuta nyote."

"Ungetuambia," nilisema.

"Ningewaambia nini? Mlikuwa mmeshavuta." Alipumua. "Ningepita, mngebaki wenyewe."

Akafumba macho tena, akasema "chombo," akaendelea mpaka mwisho. Ilichukua muda mrefu. Jua lilikuwa limefika kwenye mibuni alipomaliza, na mkewe akasema "Amina" kwa sauti ya kanisani, peke yake, uani. Nikasema na mimi.

"Sikukuu imepita wiki iliyopita," mkewe alimwambia, akimfunika blanketi vizuri.

"Najua," alisema.

Nikajitwika gramafoni, nikaaga. Sikumwona tena akiwa hai. Siku alipozikwa walipiga sahani, ikasoma haraka na safi mpaka mwisho.

Lakini siku ile niliyompelekea sahani, nilikuwa nashuka mlima na mzigo kichwani, nikakutana na mwenyekiti wa wazee anapanda, fimbo mkononi. Alisimama uso umejaa furaha, maana wazo la kupeleka gramafoni lilikuwa lake.

"Amesikiliza, mama?"

"Amesikiliza, baba."

"Amefurahi kujisikia?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Pumzi ikanikatikia, nikajua kwamba neno lolote nitakalosema litatoka na kilio, hapo njiani, mbele ya mzee wa watu asiye na ubaya. Nikashusha gramafoni, nikaiweka juu ya jiwe.

"Yule ndama wenu mwekundu," nilimuuliza, "ameanza kula majani?"

Akaegemea fimbo, akaanza kunieleza.